Lenzi laini na macho makavu: miaka 6 nilijikuna pasipowasha

Mkuu, umesema una miezi mitano na lenzi laini, zile za plastiki zinazovaliwa juu ya jicho. Asubuhi uko safi, jua likizama macho yanachoma kama yametiwa mchanga, na kinachokuchanganya zaidi ni kwamba wakati huohuo machozi yanakutiririka. Unauliza kama lenzi zinanyonya machozi, na kama ubebe tu kichupa cha matone mfukoni yaishe. Mimi si daktari. Nina mwaka wa 9 na lenzi, na 6 ya mwanzo nilibeba hicho kichupa.

Hilo la kunyonya lina ukweli kidogo tu. Utando wa machozi juu ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, una unene wa maikromita 3 hivi (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Lenzi laini nyingi za sasa katikati hufika 70 au zaidi. Yaani kitu kinene mara ishirini na zaidi kuliko maji yanayotakiwa kukibeba! Ukikiweka, utando unagawanyika: sehemu inabaki chini, kati ya lenzi na konea, na sehemu inapanda juu ya lenzi. Hiyo ya juu ndiyo yenye matatizo. Machozi si maji matupu. Chini kabisa kuna ute unaoyashikisha kwenye jicho, kisha maji yenyewe na chumvi na protini zake, na juu kabisa mafuta membamba sana yanayozuia maji yasikauke. Sasa plastiki haina ule ute wa kushikia, na mafuta hayatandi vizuri juu ya utando uliopungua. Ukimaliza kupepesa, utando unakatika mapema na lenzi inabaki uchi kwa sekunde kadhaa, mpaka upepese tena.

Lenzi yenyewe nayo hupoteza maji ikiwa jichoni. Tangu Otto Wichterle wa Chekoslovakia alipozitengeneza nyumbani kwake mwaka 1961 kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto (ndiyo, vya watoto), wazo ni lilelile: plastiki inayoshika maji. Mimi nikaona kwenye boksi asilimia kubwa ya maji nikasema hapa ndipo penye unyevu. Ikawa kinyume. Lenzi za maji mengi mara nyingi ndizo zinazokauka zaidi jichoni.

Na machozi yanayokutiririka? Ukavu ukizichokoza neva za konea, tezi ya machozi inafungulia bomba. Maji yanakuja mengi kwa mkupuo, mafuta hayaongezeki kwa kiasi hicho, basi yanamwagika shavuni na jicho linarudi kukauka. Kulia na kuwa na macho makavu vinakwenda pamoja vizuri tu.

Kilichonifumbua macho ni kipimo cha dakika chache. Daktari alinivua lenzi kwanza, kwa sababu rangi ya kupimia inazama kwenye lenzi laini na haitoki kirahisi. Akagusisha karatasi yenye rangi ya chungwa ndani ya kope ya chini, akawasha taa ya bluu, akanigeuzia skrini nione jicho langu mwenyewe. Lilikuwa linang'aa kijani. "Pepesa mara moja, kisha usipepese." Akaanza kuhesabu. Alipofika nne, upande wa chini kikatokea kidoa cheusi, cha pili kikafuata, vikaungana kama karatasi mbichi inayotoboka. Vidoa hivyo ni utando unaokatika, na kwa kawaida ukikatika chini ya sekunde 10 huhesabiwa kuwa dalili mbaya. Na hapo sikuwa na lenzi jichoni!

Kisha akabonyeza ukingo wa kope ya chini kwa kijiti cha pamba. Hapo zimepangana tezi za mafuta, ishirini na kitu kwa kope moja, na alinieleza kwamba mafuta mazima hutoka maangavu, laini kama mafuta ya kupikia. Yangu yalitoka meupe, mazito, yamejikunja kama dawa ya meno. Miaka 6 nilikuwa naongeza maji kwenye chungu kisicho na kifuniko.

Akanirekodi pia nikisoma kwenye simu, na hapa niliona aibu: nilikuwa napepesa nusu. Kope ya juu inashuka mpaka katikati, inapandisha. Mtu akiwa ametulia tu hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Mbele ya skrini zinapungua sana, na nyingi hazifiki chini. Kupepesa kamili ndiko kunakobana zile tezi zitoe mafuta. Zaidi ya hayo, ukingo wa kope ya juu unaifuta lenzi kila unaposhuka, maelfu ya mara kwa siku. Lenzi ikiwa kavu na imeshika protini na mafuta, ufutaji huo ni wa kukwaruza. Ule mchanga wako wa jioni, kwa sehemu kubwa, ni huo.

Nilichobadilisha: kitambaa cha moto wa kuvumilika juu ya macho yaliyofumbwa, dakika 10 kila usiku, kisha kukanda kope taratibu kuelekea kwenye ukingo. Ilichukua wiki kadhaa kuona tofauti, na wiki ya kwanza nilidhani napoteza muda. Lenzi nikahamia za kuvaa siku moja na kutupa, hivyo uchafu hauna nafasi ya kulimbikizana. Watu watakwambia nenda kwenye silikoni haidrojeli, yaani lenzi laini za plastiki iliyochanganywa na silikoni. Zinapitisha oksijeni vizuri sana, hilo sibishi, ila oksijeni ni kesi nyingine. Hazikuniondolea ukavu, na silikoni hupenda kushika mafuta.

Matone bado ninayo, ila yasiyo na vihifadhi. Benzalkoniamu kloraidi, dawa ya kuhifadhi iliyomo kwenye matone mengi, huingia ndani ya lenzi laini na kuachiwa jichoni polepole. Kama yako inayo, toa lenzi kwanza na ungoje angalau dakika 15 kabla ya kuzirudisha. Na usije ukalowesha lenzi kwa maji ya bomba, hata tone moja.

Angalia na dawa unazotumia. Za mafua na mzio hukausha macho, na pia zile za chunusi aina ya aisotretinoini. Jicho likiwa jekundu lenye maumivu, likikataa mwanga, au uoni ukififia, hiyo si ya kuuliza hapa: toa lenzi, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Kuacha kabisa sidhani unahitaji, ila omba upimwe utando na tezi ukiwa huna lenzi, maana huenda ukavu ulikuwepo kabla na lenzi zimeuanika tu. Mimi sasa navaa kwa muda wa saa 8 kwa siku, siku nne kwa wiki, zilizobaki miwani. Kipimo cha mwisho daktari alihesabu mpaka tisa.