Maswali yenu ya kuku: kishingo, chotara na mayai yanayoharibika

Nina jogoo kishingo, yule wa shingo isiyo na manyoya, nimemnunua bei mbaya. Mitetea ni ya kawaida. Vifaranga 12, kishingo 3 tu. Nimepigwa?

Hujapigwa. Mshike huyo jogoo umwangalie shingo kwa mbele, chini karibu na kifua. Kama kuna kishada cha manyoya hapo basi ana jeni (chembe ya urithi) moja tu ya kishingo, kila yai ni nusu kwa nusu, ungetegemea kama 6 ila kwenye vifaranga 12 kupata 3 au 9 inatokea, totolesha 60 ndo utaona hesabu inakaa. Shingo ikiwa tupu kabisa ana jeni mbili, hapo watoto wote wanatoka kishingo. Kwa hiyo mnapoenda mnadani acheni kuangalia ukubwa wa jogoo tu, angalieni kishada! Na msiwadharau hawa kuku jamani, manyoya machache joto linatoka, mchana wa Pwani wenzao wanahema midomo wazi wao wanachakura.

Nimetotolesha mayai ya chotara wangu, mbona vifaranga hawafanani?

Hili nimejibu mpaka nimechoka. Kuroiler, Sasso, wote hao ni chotara, wazazi wao wanatunzwa mbali na wewe unauziwa mtoto wa mwisho. Ukimpandisha chotara kwa chotara jeni zinachanganywa upya kama karata, mmoja anatoka mkubwa, mwingine mdogo, mwingine hatagi vizuri. Halafu mtu anakuja kuuza vifaranga hao kwa jina lilelile na kwa bei ileile! Huo ni wizi hata kama umeufanya bila kujua. Kula mayai, uza trei, vifaranga nunua kwa anayetunza wazazi. Na jogoo asipande binti zake, badilisha jogoo kila mwaka.

Jogoo wangu anazalisha majogoo tu, nimchinje?

Hana kosa. Kwa kuku jinsia ya kifaranga inatoka kwa mtetea.

Nafuga wale wa miguu mifupi, jogoo na mitetea wote wafupi. Kila nikitotolesha mayai mengi yanaharibika, mashine mbovu?

Mashine haina shida. Jeni ya miguu mifupi ikirithiwa pande zote mbili kifaranga anafia ndani ya yai siku za mwanzo kabisa, na kwa wazazi wafupi wote wawili hiyo ni kama robo ya mayai. Usiku wa siku ya 7 yamulike kwa tochi, utaona kama pete ya damu imekaa kimya, huyo kashakufa. Wanaotoka hai, wawili wafupi kwa mmoja mrefu. Weka jogoo mfupi kwa mitetea ya miguu mirefu, utapata nusu wafupi nusu warefu na hiyo robo haifi tena.

Kuna njia ya kujua mtetea siku ya kwanza?

Ipo. Jogoo mwekundu kama Rhode Island Red, mitetea ya milia kama Plymouth Rock. Kifaranga mweusi mwenye doa jeupe kichwani ni jogoo, asiye na doa ni mtetea. Ukigeuza, jogoo ndo awe wa milia safi, wote wanatoka na doa, umepoteza muda. Na hao watoto ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe doa halikwambii kitu tena, kwa hiyo anayekuuzia vifaranga "vya doa" muulize kwanza wazazi ni wepi, tena akuonyeshe bandani.