Kikao Kikikaa Kimya, Usidhani Mambo Ni Safi

Mkuu wa idara anafunga kikao kwa swali lake la kila mwezi: "Kuna mwenye neno kuhusu maadili?" Watu wanainamia simu zao, naye anaondoka akiamini idara yake haina doa. Kosa liko kwenye swali. Neno "maadili" likitajwa hivyo linanuka kesi: ukijibu, ina maana kuna mtu unamshtaki, na anayeshtaki wenzake mbele ya bosi huitwa mchongezi.

Uliza kitu kinachoshikika. "Mwezi huu, ni karatasi gani umeisaini huku moyo ukisita?" Au: "Ni wapi utaratibu wetu unatulazimisha kudanganya kidogo ili kazi iende?" Hili la pili huzaa zaidi, kwa sababu lawama inauangukia utaratibu na hakuna anayelazimika kumtaja mwenzake.

Dakika 20 zinatosha, na watu watano hadi wanane. Leta kisa kimoja tu, chenye utata wa kweli. Rushwa ya wazi haifai. Wote watasema ni mbaya na mazungumzo yatakufa dakika ya kwanza. Chukua mfano huu: ukaguzi wa mashine ulitakiwa ufanyike tarehe 30. Fundi ameufanya tarehe 2, tena kwa makini, lakini ameandika 30 ili fomu isirudishwe. Amekosea? Mmoja atasema kazi imefanyika, shida iko wapi. Mwingine atauliza: je, mashine ingeharibika tarehe 1? Fomu ingeonyesha kwamba ilikaguliwa jana yake ikakutwa nzima. Ndipo wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, atasema kwamba fomu zikichelewa hurudishwa bila hata kusomwa. Umefika penyewe. Fomu ndiyo inayowafundisha watu uongo, na safu moja ya "sababu ya kuchelewa" itasaidia kuliko semina ya siku nzima.

Bosi aseme mwisho. Akitangulia kutoa maoni yake, wanaofuata watayarudia kwa maneno mengine.

Lakini kusema ni nusu ya safari. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kusukumia chombo cha anga cha Challenger, walipinga kisirushwe kesho yake. Walihofia kwamba baridi ingeifanya mipira ya kuziba maungio ya roketi ishindwe kazi. Wakubwa wao waliomba nafasi ya kushauriana pembeni, wakaubatilisha msimamo huo. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 wakafa. Wasemaji walikuwepo.

Kwa hiyo jipime kwa sentensi yako ya kwanza baada ya mtu kufungua kinywa. "Una ushahidi?" inamfunga mdomo, yeye na wote wanaomtazama. Sema: "Asante. Umeona nini hasa, na lini?" Andika kwa maneno yake, msomee, kisha taja siku utakayomjibu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 ya kuwalinda watoa taarifa inataka taarifa ithibitishwe kupokewa ndani ya siku 7, na mrejesho utolewe ndani ya miezi 3. Kwa jambo dogo la idara, jibu lenyewe liweze kutoka ndani ya hizo siku 7, hata kama ni "tumechunguza, hatukuona kosa".

Usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Katika timu ya watu sita, kuficha jina hakumfichi mtu. Maelezo yenyewe yatamtaja. Mwambie mapema ni nani watakaolazimika kujua. (Sanduku la maoni lenye ufunguo mezani kwa katibu wa bosi ni pambo la ukutani.)

Likitajwa jina la mtu, au likigusa wizi au unyanyasaji wa kingono, simamisha hapo hapo: "Hili tutalizungumza pembeni, leo." Kikao kisigeuke mahakama.

Kisha fuatilia. Kisasi cha kazini mara nyingi hakiji kwa barua ya kufukuzwa. Huja kwa zamu mbaya, likizo inayokataliwa, barua pepe ambayo kila mtu ameipata isipokuwa yeye. Baada ya siku 30, na tena baada ya 90, fungua ratiba ya zamu, maombi ya likizo na alama za tathmini za aliyesema, ulinganishe na za kabla. Usitegemee kumuuliza tu. Atakwambia yuko sawa.

Kikao kinachofuata kianze na ile fomu: safu imeongezwa, au haijaongezwa na sababu ni hii.