Andiko la safari ya masomo limerudishwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha uhandisi wa maji chuo kikuu. Niliandika andiko la kuwapeleka wanafunzi 16 Uholanzi kwa wiki nne, wakasome udhibiti wa mafuriko na kupata krediti zao. Nilieleza kwamba wataiona dunia na kujifunza utamaduni mwingine. Kamati imenirudishia ikiwa na swali moja tu pembeni: "Kwa nini huko?" Nimekosea wapi? Na nijihadhari na nini huko mbele?

JIBU: Marahaba. Kamati imekutendea wema. Kuiona dunia ni sababu ya kwenda popote. Andiko ambalo ukibadilisha jina la nchi mengine yote yanabaki vilevile, bado halijaiva. Jiulize ni kipi kwenye silabasi yako kisichofundishika ubaoni.

Nawe unacho. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, bahari ilibomoa matuta ya kuzuia maji ya kusini-magharibi mwa Uholanzi, watu 1,836 wakafa. Pale kijijini Ouwerkerk pengo la mwisho lilizibwa Novemba mwaka huohuo kwa makasha manne makubwa ya zege, na leo makasha hayohayo ni makumbusho. Mwanafunzi anaingia ndani ya kitu alichokuwa akikikokotoa darasani! Kisha wapeleke Oosterscheldekering, kizuizi cha maji ya bahari kilichozinduliwa 1986. Mwanzoni ilipangwa mkono huo wa bahari uzibwe kabisa. Wavuvi na watetezi wa mazingira wakapinga, ndipo ikawekwa milango 62 inayoshushwa wakati wa dhoruba. Hapo una mjadala wa siku tatu: neno la mwisho ni la mhandisi au la mvuvi? Andika hivyo, siku kwa siku, na kila siku useme utawapima kwa kazi gani.

Bajeti sasa. Nauli, viza, bima na chakula hulipwa kwa kila kichwa. Lakini basi la kukodi, pamoja na nauli na malazi yako wewe, ni gharama za pamoja. Zikiwa 9,600 kwa fedha yoyote ile, wanafunzi 16 watachangia 600 kila mmoja. Wakija 10 tu, kila mmoja anadaiwa 960. Nimeona safari nzuri zikifia hapo, wazazi wamekwisha kulipa. Piga hesabu kwa idadi ndogo kabisa unayokubali kuondoka nayo, na upange tarehe ya kuamua kabla ya kukata tiketi.

Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Uholanzi ikiwemo, inaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo wiki nne hazina tabu. Tabu ni wanafunzi wenye pasipoti za nchi tofauti: mmoja haombi viza kabisa, mwenzake anahitaji miadi ya ubalozini. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, basi dai nakala za pasipoti siku ileile ya usajili.

Lililobaki ndilo linalonikaa moyoni. Usiende ukiwa kiongozi peke yako. Katika safari yangu ya pili, saa nane usiku mwanafunzi alinigongea mlango ameshika tumbo. Kilikuwa kidole tumbo. Nilikaa naye hospitalini mpaka alipotoka chumba cha upasuaji, na muda wote huo wenzake 13 walikuwa hosteli bila mtu wa kuwaambia lolote. Mama yake alipiga simu kuuliza bima inalipa nini, nikakosa jibu, kwa sababu sikuwa nimeisoma hati hadi mwisho. Kijana alipona, lakini sauti ya mama yule ninayo hadi leo. Tangu hapo siandiki andiko lisilo na kiongozi wa pili, na hutangulia mwenyewe miezi kadhaa kabla nikatembea kwa miguu kutoka malazi hadi hospitali, saa mkononi. Fedha zikipungua, kata wiki moja. Kiongozi wa pili asiguswe.

Maandalizi huchukua mwaka na zaidi, hivyo rudisha andiko muhula huuhuu. Ukimaliza ukurasa wa ratiba, nitumie niusome kabla haujafika kwa kamati.