Jibu: Ukangaga kwenye kona inayotuama maji

Mkuu, kwa kona ya uwanja wako hapo Mikindani inayotuama maji kila mvua zikinyesha, panda ukangaga, mmea kama nyasi ndefu unaoota penye maji, achana na nyasi za kufyeka kila wiki. Subiri mvua za Desemba zishike. Chimba shina moja bondeni, ligawe kwa panga, kila kipande kibaki na mizizi na vichipukizi. Majani yakate yabaki shubiri moja.

Ila kagua udongo ulioshika mizizi kabla hujaufikisha nyumbani! Ukikuta vifundo vyeusi vimeungana kama shanga, hiyo ni ndago, gugu sugu. Kifundo kimoja kikibaki chini, inaota upya. Bua la pembe tatu halitakusaidia kutofautisha ndago na ukangaga, zote ukoo mmoja.

Kiangazi majani ya ukangaga yakikauka usiung'oe, mara nyingi mizizi bado hai.