Misa Imejaa Biblia: Ushauri kwa Mkatoliki Mwenzangu

Kwenye kivuko, kwenye daladala, hata pale Mwaloni Kirumba katikati ya kununua dagaa, Mkatoliki wa Mwanza ataulizwa tu: "Hivi ninyi Biblia mnaisoma saa ngapi?" Ushauri wangu: usikimbilie kubishana mistari. Anza na Misa unayoijua kwa moyo.

Kabla ya komunyo tunasema, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Ndivyo alivyosema akida wa Kapernaumu alipomwombea mtumishi wake, Mathayo 8:8. "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" waliimba maserafi katika Isaya 6:3. Salamu Maria, nusu yake ya kwanza, imo Luka 1:28 na 42. Fungua sura hizo nyumbani uzisome zote. Mimi tangu nimsome yule akida mpaka pale Yesu anapostaajabia imani yake, sala ile siwezi tena kuitamka haraka haraka.

Halafu kuna masomo. Jumapili huzunguka miaka mitatu: Mwaka A Mathayo, B Marko, C Luka, Yohane huchukua sehemu kubwa ya kipindi cha Pasaka, na huingia pia Jumapili kadhaa za Mwaka B. Kwa kawaida somo la kwanza huchaguliwa liendane na Injili, na hapa ndipo wengi wetu tunapopitwa. Chukua Jumapili ya 17 ya Mwaka B. Somo la kwanza, Elisha analisha watu mia kwa mikate ishirini ya shayiri, na mtumishi wake anauliza itawatoshaje. Wimbo wa katikati, Zaburi 145, unasema Bwana anafumbua mkono wake na kuwashibisha. Ndipo Injili ya Yohane 6: mikate mitano, ya shayiri vilevile, na samaki wawili, na Andrea anauliza swali lilelile. Ukifika kanisani wakati wa mahubiri, yote hayo yamekupita.

Kwa hiyo soma masomo kabla, Jumamosi jioni, kwa sauti, watoto wakisikia. Kwenye jumuiya ndogo ndogo msiharakishe Injili ili mfike kwenye michango. Someni na somo la kwanza, mtafute lilipogusana na Injili.

Lakini pia Misa haimalizi Biblia nzima. Kitabu cha Esta, kwa mfano, hukisikii Jumapili hata moja. Hicho kisome mwenyewe.