Mota ya mashine ya kupasua kuni inanguruma tu

SWALI: Fundi, nilinunua mashine ya umeme ya kupasua kuni, ya mtumba, niwapasulie wenye hoteli hapa Kangemi. Mwanzoni ilipasua hata magogo ya mkaratusi. Sasa nikiwasha, mota inanguruma bila kuzunguka, kisha breka inajizima. Fundi wa hapa anasema koili zimeungua na anataka kuisuka upya. Nimlipe?
Muuza kuni, Kangemi

JIBU: Usimlipe bado, dada. Kwanza acha kuiwasha-washa. Mota iliyokwama huvuta umeme mara tano au zaidi ya kawaida, na ukiendelea, koili zitaungua kweli.

Chomoa plagi. Fungua kifuniko cha feni nyuma ya mota, uzungushe feni kwa mkono. Ikiwa nzito au imegoma kabisa, huenda tatizo ni beringi au pampu ya oili. Ikizunguka kwa wepesi, wa kwanza kushukiwa ni kapasita, kile kikopo kilichofunikwa kwa bati mgongoni mwa mota. Mota ya fezi moja, yaani ya umeme wa kawaida wa nyumbani, haianzi kuzunguka yenyewe. Kapasita ndiyo inayoisukuma. Ikifa, mota hunguruma vivyo hivyo ulivyoeleza.

Tahadhari: kapasita huhifadhi umeme hata plagi ikiwa imetoka. Kabla ya kuigusa, unganisha miguu yake miwili kwa waya za balbu ya zamani ya volti 240, ile inayopata moto, umeme uishie humo. Kisha itazame. Ikiwa imevimba, imepasuka au inavuja, imekwisha. Ikionekana nzima, ipimwe, maana nyingi hufa bila alama. Nenda nayo barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Nairobi, ununue yenye mikrofaradi (kipimo cha kapasita) zile zile. Volti zake zisipungue zile za zamani.

Kapasita ikiwa nzima, kuna swichi ndogo ndani, upande wa feni, inayoikatia kapasita umeme mota ikishika kasi. Mota ikikaribia kusimama utaisikia ikilia “ta!”. Vumbi la kuni likiingia, pointi zake, yaani vichuma vinavyogusana, huwa nyeusi na hazishikani. Zisugue kwa msasa laini.

Ekstensheni nayo? Wengi huvuta waya mwembamba kutoka nyumbani mpaka uani. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya kuanzia hupungua karibu theluthi moja. Ijaribu kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni. Ukilazimika kuitumia, iwe ya waya wa milimita za mraba 2.5, na uikunjue yote.

Inaniuma sana fundi akihukumu koili kabla ya kufungua hata kifuniko kimoja, kwa sababu kusuka mota ni ghali na kapasita ni bei nafuu. Koili zilizoungua hunuka, na vanishi yake huwa nyeusi. Mwambie apime kwa mita kati ya koili na bodi ya mota, lile gamba la chuma la nje. Umeme ukipita, basi kweli isukwe, kwa waya wa shaba wa unene ule ule, na bei mpatane kabla hajazikata koili za zamani.