Maswali yenu: ngozi, rangi, na mkorogo tena

Kama ngozi hubadilika kila mwezi, mbona tatuu yangu haifutiki? (Msomaji, Mombasa)

Kinachobadilika ni tabaka la juu tu. Seli huzaliwa chini kabisa ya tabaka hilo, hupanda huku zikijaa keratini (protini ngumu, ile ya kucha na nywele), hupoteza kiini, kisha hupukutika zikiwa zimekufa. Safari hiyo ni ya wiki nne hivi, na huzidi kadiri umri unavyosonga. Wino wako umetuama tabaka la pili, ndani ya seli za kinga zilizoumeza. Zikifa, nyingine huudaka.

Mtu mweusi ana seli za rangi nyingi kuliko Mzungu? (Mwanafunzi, kidato cha tatu)

Hapana, idadi inakaribiana. Tofauti iko kwenye kazi: melanosaiti zetu, yaani hizo seli za rangi, hutengeneza melanini (rangi yenyewe) nyingi zaidi, katika vifuko vikubwa zaidi, na kuvigawa kwa seli jirani. Humo vifuko hujipanga juu ya kiini, upande wa jua, kama mwavuli, ili mionzi isiharibu DNA. Atakayekwambia rangi ya ngozi ni pambo tu, msomee hapa.

Basi mwenye ualbino hana seli hizo?

Anazo. Kinachokosekana au kupungua ni melanini, kwa sababu ya jeni alizorithi kwa baba na mama. Jua letu humletea saratani ya ngozi mapema, kwa hiyo kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua si anasa kwake. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni maalumu kwa ajili hiyo. Halafu kuna wenzetu wanaolipa fedha kuondoa kinga waliyozaliwa nayo.

Naomba jina la krimu inayong'arisha haraka bila madhara.

Haipo. Nimelijibu hili mpaka nimechoka, na bado mnaleta.

Kinachong'arisha haraka huwa haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na mkorogo unaweza kuwa navyo vyote. Viwili vya kwanza huzuia kimeng'enya ambacho bila hicho melanini haitengenezwi. Ukidumu na haidrokwinoni, mashavu huweza kuota mabaka meusi ya kibluu, yaani kinyume cha ulichonunua, na kuyatibu ni shughuli. Steroidi hupunguza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara: ngozi hukonda, mishipa huonekana, michirizi hutokea, kidonda huchelewa kupona, hata kile cha upasuaji. Zebaki huingia mwilini na kuumiza figo. Kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni, lakini vinauzwa mchana kweupe. Kopo lisiloorodhesha viambato, liache dukani. Na aliyepaka steroidi kwa miaka asiache ghafla kwa hasira baada ya kunisoma. Amwone kwanza daktari wa ngozi.

Kovu langu la moto halioti nywele. Nipake nini?

Moto uliteketeza mashina ya nywele. Hapo imebaki kolajeni, na mashina hayarudi. Mafuta ya nyonyo hayatayarudisha, wala ya kitunguu.